Zamu ya usiku ameishika mbwa

Jirani yangu hapa Gulu ana mbwa anayeitwa Waseme. Jina hilo lina kisa. Huku kaskazini mwa Uganda mbwa mara nyingi hupewa jina lenye ujumbe: mwenye kinyongo na jirani humwekea mbwa wake neno, na kila jioni akimwita aje kula, neno linafika mlango wa pili bila ugomvi. Mzee huyu baba yake alikuwa askari, amekulia kwenye nyumba za kambi ya jeshi, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha anayotumia akikasirika na ndiyo anayomwitia mbwa. Alipoanza kuamka usiku akipiga mayowe, mtaa ulikuwa na mengi ya kusema. Wapo waliosema karogwa. Wapo waliosema ni cen, roho za waliouawa zinamdai. Wengine wakasema ni pombe, na mzee hanywi. Alipopata mbwa akamwita Waseme, na tangu siku hiyo sijamsikia akijibizana na mtu.

Jioni namwona amekaa kwenye kigoda, sufuria ya ugali wa mchana mapajani, anachanganya na dagaa wale wadogo tunaowaita mukene, anafikicha kwa vidole mpaka madonge yaishe. Mbwa anasubiri, miguu ya mbele imenyooka, udenda unamdondoka, lakini hasogei mpaka aambiwe “Haya.” Mzee hampapasi kichwa. Hamwiti kwa majina ya kitoto wala hamruhusu kuvuka kizingiti. Mbwa hulala nje, mgongo ameuegemeza mlangoni.

Siku moja nilimuuliza mbwa huyu amemsaidia nini hasa. Nilitegemea aniambie habari za mapenzi na uaminifu. Akanitazama kidogo, akasema, “Zamani nilikuwa nasikiliza mimi. Sasa anasikiliza yeye.”

Aliyeishi huku wakati wa vita haitaji kufafanuliwa. Usiku mtu alilala na sikio moja wazi. Kijiti kikivunjika nje ulipaswa kujua papo hapo kama ni mbuzi au ni mtu, na kama ni mtu, kama amevaa gambuti. Watoto walitembea kila jioni kutoka vijijini kuja kulala mjini, kwenye veranda za maduka na viwanja vya hospitali. Kuna wakati idadi yao ilikadiriwa kufika 40,000. Vita vya waasi wa LRA, jeshi la Joseph Kony, vilianza mwaka 1987. Mwaka 2006 mazungumzo ya amani ya Juba kati ya serikali na waasi yalipoanza na bunduki kunyamaza, watu walianza kutoka kambi za waliohamishwa kurudi kwenye mashamba yao, na sikio la jirani yangu likaendelea kusikiliza. Kwa miaka zaidi ya kumi baada ya amani alikuwa analinda kijiji ambacho hakuna anayekishambulia.

Nimekuwa nikisoma tafiti za saikolojia kuhusu msongo wa mawazo na uhusiano wa binadamu na wanyama, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya mzee huyu. Ni uwanja wenye mambo mazuri. Lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba maswali yake mengi yameulizwa sebuleni kwa watu wengine, na kwamba sisi tuna jibu moja mikononi ambalo halijapimwa ipasavyo.

Nianze na wanachokijua wenzetu. Mwili ukihisi hatari, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini, kisha kotisoli. Moyo unakwenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, usingizi unakimbia. Mbele ya simba hilo ni jambo jema. Likiendelea miaka, linamla mtu. Kotisoli inaonekana kwenye mate, na hilo limewarahisishia kazi watafiti, maana kupima mate hakuhitaji sindano. Mwaka 2019 Patricia Pendry wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, akiwa na mwenzake, alichapisha jaribio la wanafunzi 249 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja walikaa dakika 10 na mbwa na paka, wakiwashika na kucheza nao. Kundi la pili walipanga foleni wakiwaona wenzao wanacheza. La tatu wakaangalia picha za wanyama haohao, na la nne wakangoja zamu yao bila chochote. Waliowashika wanyama kwa mikono yao ndio ambao kotisoli yao ilishuka zaidi. Napenda utafiti huu kwa jinsi ulivyotenganisha kuona na kushika, jambo ambalo watu wengi hulichanganya.

Ila ninaoupenda zaidi umetoka barani kwetu. Mwaka 2003 Johannes Odendaal na Roy Meintjes wa Afrika Kusini walipima damu ya watu 18 na ya mbwa 18, kabla na baada ya kukaa pamoja kwa utulivu. Oksitosini ilipanda pande zote mbili, kwa binadamu na kwa mbwa. Hiyo ndiyo kemikali inayomfunga mama na mtoto anayenyonya. Kotisoli, lakini, ilishuka kwa binadamu tu. Wengi huinukuu sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili. Mimi hiyo ya pili ndiyo inayonikaa kichwani: mtu alipumua, mbwa alibaki na mzigo wake. Nitairudia mbele.

Karen Allen naye, mwaka 1991, aliwapa wanawake hesabu za kutoa kwa sauti huku wakipimwa mapigo ya moyo na presha. Wengine walikuwa na rafiki wa karibu pembeni, wengine walikuwa na mbwa wao. Rafiki, aliyekuja kumtia moyo mwenzake, aliwapandisha presha. Mbwa hakuwapandisha. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba rafiki, hata akupende vipi, anakusikia ukikosea. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Waseme na jina lake. Mtu anayeamka na mayowe katika mtaa wenye kuta nyembamba anaugua mara mbili, mara ya kwanza kwa ndoto na mara ya pili asubuhi akienda kisimani. Mbwa wake anamwona usiku na asubuhi anamtazama vilevile.

Sasa tahadhari, na hapa sitaki kupita haraka, maana kwenye jambo hili watu huongozwa na hamu zao. Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake walifuatilia wagonjwa 92 waliotoka hospitali kwa maradhi ya moyo. Baada ya mwaka mmoja, kati ya 53 waliokuwa na mnyama nyumbani walikuwa wamekufa 3. Kati ya 39 wasio na mnyama walikuwa wamekufa 11. Matokeo hayo yalisambaa duniani kote na yamewafanya wengi waamini kwamba paka ni dawa. Lakini anayefuga mnyama Marekani mara nyingi ana nyumba yake, ana kipato, ana afya ya kutosha kumtoa mbwa matembezi. Je, mnyama ndiye aliyemponya, au aliyekwisha kuwa na nafuu ndiye anayemudu mnyama? Hal Herzog, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe anawapenda wanyama, amekuwa akilisema hili kwa miaka: kwa kila utafiti unaosifu, upo mwingine usioona tofauti yoyote. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la RAND walichambua takwimu za watoto zaidi ya 5,000 wa California. Mwanzoni watoto wenye mbwa au paka nyumbani walionekana wana afya bora. Walipoingiza hesabuni kipato cha familia, aina ya nyumba na mambo mengine ya maisha, ile tofauti ikayeyuka.

Kwa hiyo mtu akija Uganda akisema “wapeni mbwa, watapona,” namkatalia. Hakuna ushahidi wa kutosha wa kusema hivyo kwa nchi yoyote, sembuse kwetu ambako mbwa halali kitandani mwa mtu.

Lakini akija anayesema mambo ya wanyama ni anasa ya Wazungu, namkatalia kwa nguvu zaidi.

Tazama ukubwa wa jeraha lenyewe. Makambi yalipofurika, watu wapatao milioni 1.8 walikuwa wamehamishwa makwao. Mwaka 2007 Patrick Vinck na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na watu wazima 2,585 wa kaskazini: asilimia 74 walikuwa na dalili za kiwewe, asilimia 44 dalili za sonona, ile huzuni nzito isiyomwachia mtu. Mwaka uliofuata Bayard Roberts na wenzake, waliowahoji wakimbizi wa ndani 1,210 wa Gulu na Amuru, walipata asilimia 54 kwa kiwewe na 67 kwa sonona. Vipimo tofauti, takwimu tofauti, ujumbe mmoja. Na nchi yenye watu karibu milioni 46 kwa sensa ya mwaka 2024 bado inaitegemea mno Butabika, hospitali ya rufaa ya maradhi ya akili iliyofunguliwa Kampala mwaka 1955. Tumepata sheria mpya ya afya ya akili ya mwaka 2018 badala ya ile ya 1964, na nashukuru kwa hilo. Sheria, hata hivyo, haiwezi kukaa na mtu saa nane za usiku.

Hapa Gulu kuna mtu aliyeliona pengo hilo mapema. Francis Okello Oloya alipokuwa na miaka 12 alikuwa akilima shambani kwao, jembe likagonga bomu lililofukiwa ardhini. Akapoteza macho. Shuleni bwenini usiku alihitaji kwenda chooni na aliona haya kuwaamsha wenzake kila mara. Mbwa waliokuwa wakizurura shuleni hapo ndio waliokuja kumsindikiza. Baadaye alisomea saikolojia ya jamii Chuo Kikuu cha Makerere, kisha akaanzisha mradi wa mbwa wa faraja chini ya shirika la BIG FIX Uganda, ambalo lina hospitali ya wanyama hapa mjini. Mbwa wasio na mwenyewe wanaokotwa, wanatibiwa, wanachanjwa, wanahasiwa, halafu wanaunganishwa na watu walioumizwa na vita. Mtu na mbwa wanafunzwa pamoja, na wakati huohuo mtu anapata ushauri nasaha pamoja na wenzake. Waliohitimu huenda vijijini na shuleni kuwaeleza watu habari za kiwewe na za kutowatesa wanyama.

Kinachonivutia kwenye mradi huo ni masharti yake. Mtu hapewi mbwa wa kushikwa dakika 10 halafu arudishwe. Anapewa dhamana. Kuna kiumbe kitakachokaa na njaa usiposimama asubuhi. Mtu mwenye sonona hulala akitazama kenchi za paa mpaka saa sita mchana, na hakuna hotuba inayomnyanyua. Mbwa anayekuna mlango anamnyanyua, kwa sababu ana haki ya kula. Halafu atatoka nje, atapita njiani, mtu atamwuliza habari za mbwa wake, na hayo yatakuwa mazungumzo ya kwanza kwa wiki nzima yasiyohusu ugonjwa wake.

Ninachoamini, basi, ni hiki. Kwetu huku nafuu ya mnyama, pale inapokuwepo, inapita zaidi kwenye kugawana kazi kuliko kwenye kupapasa. Mbwa anashika zamu ya usiku, mtu anashika zamu ya chakula. Kila mmoja anamtegemea mwenzake kwa jambo la kweli. Pendry amepima mguso, na amepima vizuri. Dhamana bado hatujaipima.

Tukishaelewa hivyo, mbwa si peke yake tena. Nchi hii ina watu wengi zaidi ambao mnyama wao wa moyo ana pembe. Shangazi yangu aliolewa Kiruhura, kwa wafugaji. Ng'ombe wa Ankole huitwa kwa rangi zao na umbo la pembe zao, na wake alikuwa Bihogo, ule wekundu wa udongo ulionyeshewa mvua. Alimkamua miaka kumi na mmoja. Huko kupe wamezizoea dawa. Mfugaji ananyunyizia hii, anachanganya na ile, na kupe wanaendelea kuning'inia masikioni kama kunde. Bihogo akashikwa na ndigana, akafa kwa siku nne. Wiki mbili baadaye shangazi akaanza kuumwa kichwa, moyo ukawa unamwenda mbio, chakula hali. Nilikuwa huko likizo, nikampeleka kliniki.

Muuguzi alikuwa na adabu. Alitoa fomu iliyoandikwa Kiingereza, akawa anaitafsiri kichwani. Unakunywa pombe? Hapana. Kuna ugomvi na mzee nyumbani? Hapana. Umefiwa karibuni? Shangazi akanyamaza muda mrefu, akaangalia mikono yake, akasema hapana, hakuna aliyekufa. Muuguzi akaweka alama. Wakampima presha, wakampa vidonge.

Tulipokuwa tumepanda boda kurudi, upepo unatupiga usoni, alinishika bega akasema kwa sauti ya chini, “Ningemwambia nini? Kwamba nimefiwa na ng'ombe?”

Siwalaumu wale wa kliniki. Fomu yao ilitoka mbali, na huko ilikotoka pengine hakuna mtu anayeamka saa kumi za alfajiri kwenda kumsalimu ng'ombe kwa jina. Lakini alama ile iliyowekwa kwenye kisanduku cha “hapana” ilikuwa uongo wa kitabibu, na mgonjwa alilazimika kuusema ili asichekwe.

Sasa uchukue msiba wa shangazi uuzidishe kwa wilaya nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Acholi, Lango na Teso zilipoteza karibu mifugo yote katika vita na uvamizi. Waliokuwa wakilima kwa maksai walirudi kwenye jembe la mkono. Mahari zikakwama, ada za shule zikakosekana, na wazee waliokuwa wakihukumu kesi wakiwa na mazizi nyuma yao wakawa wanapanga foleni ya mgao wa maharage kambini. Serikali imekuwa ikishughulikia fidia za mifugo hiyo kwa miaka, na fidia inahesabu vichwa. Hesabu ya vichwa ni haki yao na ilipwe. Nasema tu kwamba wanasaikolojia waliokuja kutuhoji waliuliza kama umeona mtu akiuawa, kama umetekwa, kama nyumba ilichomwa. Wachache sana walikaa na mzee kumwuliza siku zizi lilipokuwa tupu alifanya nini na mikono yake asubuhi.

Huko magharibi, kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, mambo ni yaleyale kwa lugha yetu hii ya Kiswahili. Mwaka 2018 maelfu ya watu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi wakikimbia mauaji ya Ituri nchini Kongo, wengi wao wafugaji wa Kihema kutoka Djugu. Mtumbwi haubebi ng'ombe. Wanapewa kiwanja na turubai na jembe, wanakuwa wakulima kwa amri ya mazingira. Ukiwasikia wanavyozungumza jioni, neno wanalotumia kueleza maradhi yao ni rahisi: “Nina mawazo.” Hawasemi msongo, hawasemi sonona.

Neno hilo nalipenda, kwa sababu halina fedheha na linasema kweli. Kiacholi kina two tam, maana yake ugonjwa wa mawazo. Theresa Betancourt na wenzake walipofanya kazi na vijana wa Kiacholi katika makambi, waliyakuta majina ya hapahapa, two tam, par, kumu, ma lwor, kila moja na dalili zake, na wakatengeneza vipimo kutokana na majina hayo badala ya kuagiza vya nje. Kwa Kiganda kuna yo'kwekyawa, kujichukia. Paul Bolton na timu yake waliyatumia maneno ya watu wa Masaka na Rakai katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003: vijiji 30, vikundi vya watu wenye sonona vikikutana dakika 90 kila juma kwa majuma 16, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa wiki mbili. Mwishoni waliobaki na sonona kali walikuwa asilimia 6.5 kwenye vikundi na asilimia 54.7 kwa wasiokuwa na kikundi. Na Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere ameijenga tiba ya vikundi kwa wanaoishi na VVU ambamo kuzungumza kumeunganishwa na mafunzo ya kujipatia kipato, akaijaribu hapahapa kaskazini. Yaani tunajua kufanya majaribio ya kweli vijijini. Hakuna wa kutuambia kwamba mazingira ni magumu.

Basi lifanywe la wanyama. Kama ningepewa nafasi na watafiti wa Gulu au Makerere ningewaomba makundi matatu yanayopangwa kwa bahati nasibu. Wote wahudhurie vikundi vya mazungumzo, maana si haki kumnyima mtu tiba. Kundi la kwanza liongezewe mbwa aliyechanjwa, la pili mbuzi jike, la tatu lisiongezewe mnyama. Mbuzi awemo kwa makusudi: huyo ana thamani ya pesa, anazaa, anauzwa shida ikija, na bila yeye hatutajua kama nafuu imetoka kwenye kuwa na kiumbe cha kutunza au kwenye kuwa na akiba yenye miguu minne. Wapimwe mate asubuhi na jioni. Waulizwe kwa two tam na kwa par. Na wafuatiliwe miaka, kwa sababu mbwa wetu hawaishi sana, na sijaona wengi wanaouliza swali hili: mtu aliyeokolewa na mbwa anakuwaje mbwa akigongwa na lori barabara ya Juba? Mtu huyu ameshazika wengi. Kumpa mwenza ambaye karibu hakika atamzika ni jambo zito, na mradi wowote usio na mpango wa siku hiyo haujamaliza kazi yake.

Najua yatakayosemwa. Kwamba mbwa ni hatari. Kweli, kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, wengi wao Afrika na Asia. Ndiyo sababu chanjo isiwe hiari, na ndiyo sababu mbwa asiye na mwenyewe ni tishio wakati mwenye mwenyewe ana mtu wa kumpeleka kuchanjwa. Kwamba wanyama wengine ni chanzo cha msongo wenyewe; kweli tena, nenda Nwoya, pembezoni mwa hifadhi ya Murchison, uwaone watu wanaokesha shambani wakigonga mabati ili tembo wasimalize mihogo. Wale wanalala mchana kama askari wa zamu, na watoto wao wanakosa shule. Uhusiano wa mtu na mnyama una pande zote, na atakayeuchunguza auchunguze wote.

Na ndugu zangu Waislamu, wa Bombo na Arua na humu mjini, wataniambia habari ya najisi. Naiheshimu. Hata methali yetu inaonya: mchezea mbwa huingia naye msikitini. Lakini ipo pia hadithi inayofahamika ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mbwa wa ulinzi anaweza kulala nje, kama anavyolala Waseme, na udhu wa mtu ukabaki salama. Na asiyetaka mbwa kabisa ana paka, ana kuku, ana yule mbuzi wa kundi la pili.

Nilisema nitairudia ile kotisoli ya mbwa ambayo haikushuka. Mwaka huu Waseme ameanza kuota mvi mdomoni. Usiku bado anabweka, lakini namsikia akichelewa. Pikipiki inakuwa imeshapita ndipo anaamka. Mbwa huyu amesikiliza kwa niaba ya mtu mwingine tangu akiwa mdogo, na hakuna aliyempima mate. Kama kuna gharama katika kubeba hofu ya binadamu, yeye ameilipa, na utafiti unaouliza mtu amepata nini bila kuuliza mbwa amepoteza nini ni nusu ya utafiti.

Juzi jioni nilipita pale, nikakuta mzee ameondoa kigoda chake kilipokaa siku zote. Amekisogeza karibu na mlango, upande mmoja na mbwa. Nikamsalimu, nikamwuliza kama ameanza tena kukosa usingizi.

“Hapana,” alisema. “Masikio yamemchoka. Mpaka saa nne nakaa mimi. Baada ya hapo anaendelea yeye.”

Kisha akaingiza mkono kwenye sufuria, akaendelea kufikicha ugali.